Utarajali kwenye shirika kubwa la misaada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi anayetafuta pa kufanyia field, na wa mhitimu anayetafuta mlango wa kwanza wa kuingilia kazini. Umeandikwa kwa kuangalia Tanzania zaidi, na Kenya pale mambo yanapotofautiana. Jambo moja tuliseme tangu mwanzo: jina kubwa kwenye beji halimfundishi mtu kazi. Utafundishwa na kazi uliyoandikiwa na mtu anayeikagua. Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo hapo.

Field, utarajali na kujitolea vinatofautianaje?

Field ni sehemu ya masomo. Chuo kinakupa barua ya utambulisho na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, mhadhiri anakuja kukukagua, na mwisho unaandika ripoti yenye alama. Vyuo vingi vya Tanzania huipanga kati ya Julai na Oktoba, baada ya mitihani. Utarajali ni wa aliyekwisha hitimu, na kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 12. Upande wa Serikali, huduma ya ajira inayojulikana kama TaESA huunganisha wahitimu na waajiri wa utarajali. Kenya neno utakalokutana nalo zaidi ni mwanagenzi.

Anayejitolea anatoa muda wake, na shirika halina deni la kumfundisha. Ni kazi ya heshima, ila ijue mapema. Ukiitwa mtarajali na hakuna mtu aliyepangiwa kukusimamia, hapo unajitolea.

Niende makao makuu au ofisi ya mkoani?

Ukipata nafasi ya kuchagua, nenda mkoani. Ofisi kubwa za Dar es Salaam zipo Masaki, Msasani na Mikocheni. Za Nairobi zipo Lavington, Kilimani na Westlands. Huko utaona jinsi andiko la mradi linavyoandikwa na wafadhili wanavyoandikiwa ripoti. Lakini mtarajali wa makao makuu anaweza kumaliza miezi sita bila kukutana na mlengwa hata mmoja. Kwenye ofisi ndogo ya Kibondo au Lodwar watu ni wachache, kwa hiyo wiki hiyo hiyo utaandika muhtasari wa kikao, utahesabu magunia ghalani na kupanda gari kwenda kijijini.

Tahadhari kwa wanaokwenda kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, wilayani Kasulu: haziingiliki bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na shirika ndilo linalokuombea. Kibali huchukua muda. Uliza siku ya kwanza kama jina lako limeshapelekwa, la sivyo utakaa Kasulu mjini ukisoma ripoti za zamani.

Nafasi zinapatikana wapi, na niombe lini?

Zipo njia nne zinazofanya kazi. Ya kwanza ni ukurasa wa ajira wa shirika lenyewe. Ya pili ni ReliefWeb, tovuti ya habari na ajira za misaada, ambako unaweza kuchuja matangazo kwa nchi na kwa aina ya nafasi. Ya tatu ni TaESA. Ya nne, ambayo wengi huidharau, ni kupeleka barua mapokezi kwa mkono ukiwa na barua ya chuo, kisha kurudi baada ya wiki mbili kuulizia kwa adabu. Ofisi za mikoani hujaza nafasi nyingi za field kwa njia hii ya nne.

Omba miezi miwili hadi mitatu kabla. Ombi likifika shirikani hupita kwa rasilimali watu, likaenda kwa mkuu wa idara, likarudi tena. Aliyeomba wiki moja kabla hakukataliwa. Karatasi yake bado ipo njiani.

Na usilipe. Hakuna shirika la kweli linalotoza ada ya fomu, ya usaili, ya mafunzo ya awali wala ya kitambulisho. Ukilitilia shaka tangazo, angalia kama shirika limesajiliwa: Tanzania kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Kenya kwa mamlaka iliyoundwa na sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kisha piga simu ofisini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Namba iliyo kwenye tangazo usiitumie.

Ni nini huwaangusha waombaji?

Mara nyingi ni vitu vidogo. Barua imeandikwa kwa shirika lingine, jina halikubadilishwa. Faili limeitwa "CV mpya 3". Wasifu una kurasa sita, wakati mbili zinatosha. Na sentensi inayorudiwa na kila mtu: "nina moyo wa kusaidia jamii." Anayesoma barua mia moja ameiona mara mia moja. Andika unachoweza kufanya Jumatatu asubuhi: kusafisha data kwenye Excel, kuandika muhtasari wa kikao, kuzungumza Kiha au Kiturkana, kuendesha pikipiki ukiwa na leseni. Lugha ya eneo la mradi ni ujuzi wa kazi na haifundishwi ofisini. Iweke juu kabisa kwenye ukurasa.

Nitalipwa?

Wapo wanaolipa posho, wapo wanaotoa nauli na chakula tu, na wapo wasiotoa chochote. Fanya hesabu kabla ya kukubali. Ukipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa shilingi 700 kila moja, ni 2,800 kwa siku. Kwa siku 22 ni 61,600. Chakula cha mchana cha shilingi 3,000 kwa siku hizo hizo ni 66,000. Hapo umefika 127,600 kwa mwezi, na bado hujalipa chumba, bando wala nguo za kazini. Kama posho haifiki hapo, ujue nani anaziba pengo, na ataliziba kwa miezi mingapi.

Hatuoni haya kulisema: shirika linalokusanya fedha kwa jina la maskini halafu likamtumikisha mhitimu wa familia maskini miezi sita bila hata nauli, linawafungia mlango vijana wale wale linaosema linawahudumia. Kuuliza posho kwenye usaili si utovu wa adabu. Uliza.

Barua ya kukubaliwa iwe na nini kabla sijasaini?

Tarehe ya kuanza na kumaliza. Jina na cheo cha msimamizi wako. Posho na siku inapolipwa. Nani analipa nauli na malazi ukitumwa nje ya kituo. Bima ya ajali au maelezo ya nani atagharamia matibabu ukiumia kazini. Na hadidu za rejea, yaani orodha ya kazi utakazofanya. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Zinatakiwa ziwe kazi tatu hadi tano zinazoweza kupimwa, mfano "kuandaa rejesta ya vikundi 30 vya kuweka na kukopa na kuihuisha kila mwezi." Ukiona "kusaidia kazi mbalimbali za ofisi kadiri itakavyoelekezwa" na hakuna kingine, omba kikao cha nusu saa na msimamizi, pendekeza kazi tatu, zichape, mzisaini wote wawili. Wasimamizi wengi hukubali kwa sababu umewapunguzia kazi ya kuziandika.

Wiki ya kwanza ikoje?

Ni ya kusoma na kusaini. Utapewa kanuni za maadili, sera ya ulinzi wa mtoto, sera ya kuzuia unyanyasaji na unyonyaji wa kingono, na maelezo ya usalama: nani unampigia, gari linarudi saa ngapi, wapi hapaendeki. Zisome kweli, zinakuhusu kama zinavyomhusu mkurugenzi. Mojawapo ya kanuni hizo inasema kujamiiana na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria ya nchi au mila inaruhusu umri mdogo zaidi, na "sikujua umri wake" si utetezi.

Utachanganyikiwa na vifupisho. Fungua ukurasa mmoja wa daftari, andika kila kifupisho unachokisikia, na jioni umuulize mtu mmoja maana zake.

Kama una wiki mbili kabla ya kuanza, pitia viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya dharura huvitumia duniani kote. Vichache ni vya kukariri: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20. Ukiambiwa kwamba wamefika watu 5,000, uweze kusema palepale: lita 75,000 kwa siku, mabomba 20, vyoo 250.

Kazi zenyewe za kila siku ni zipi?

Makaratasi na namba. Anayefikiri atakuwa anagawa vyakula kila siku ajiandae. Ukiwa idara ya ufuatiliaji na tathmini, utaingiza na kusafisha data, kupanga madodoso na kufuatilia viashiria. Manunuzi: kukusanya nukuu za bei, mara nyingi tatu, na kutengeneza jedwali la kulinganisha. Ghala: kulinganisha kadi ya stoo na mzigo uliopo sakafuni. Mawasiliano: picha, maelezo ya picha, ridhaa. Fedha: kukagua risiti.

Tunasema hivi bila kuidharau kazi hiyo hata kidogo. Chukua utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Unapima mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia na kulegea, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Ukivuta utepe ukabana nyama, mtoto wa njano anasoma nyekundu. Ukiulegeza, wa nyekundu anasoma njano na anakosa matibabu anayostahili. Milimita tatu. Na anayeingiza namba hiyo kwenye kompyuta akiandika 12.1 badala ya 11.2, yule mtoto anatoka kwenye orodha ya wenye utapiamlo mkali bila mtu yeyote kujua. Kwa hiyo mtu akikuambia unafanya "kazi ya kuingiza data tu", usimsikilize.

Kukusanya data kwa kishikwambi kuna mitego gani?

Mashirika mengi hutumia KoboToolbox au ODK. Programu zenyewe ni rahisi, matatizo yanajirudia.

Majina ya vijiji yakiachwa yaandikwe kwa mkono, kijiji kimoja kitatokea kwa tahajia tano na ripoti itaonyesha vijiji vitano. Dodoso liwe na orodha ya kuchagua. Umri: mmoja anaandika miaka, mwingine miezi, mwingine mwaka wa kuzaliwa; weka kikomo ili fomu ikatae miaka 240. Eneo la GPS lichukuliwe nje, si chini ya bati, na usubiri usahihi ushuke hadi mita 5 au chini yake. Hakiki tarehe na saa ya kishikwambi kila asubuhi. Fomu ikikamilika iwekwe alama ya kukamilika, kisha itumwe. Iliyobaki rasimu haifiki. Na usiifute programu ili "kuisakinisha upya" kabla ya kutuma, kwa sababu fomu ambazo hazijatumwa hupotea nayo. Kazi ya siku nzima inaweza kupotea hivyo.

Ukirudi ofisini, Excel nayo ina yake. Namba ya simu inayoanza na 07 itaondolewa sifuri. Ipe safu muundo wa maandishi kabla ya kubandika. Tarehe 03/04 inaweza kugeuka Machi 4 kama kompyuta imewekwa kwa mtindo wa Marekani. Faili ghafi usiliguse: tengeneza nakala, fanyia kazi nakala, na kwenye karatasi ya pembeni andika kila ulichobadilisha na sababu yake.

Kumbuka pia kwamba majina, simu na hali ya afya ya watu ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria: Kenya ni sheria ya 2019, Tanzania ya 2022. Orodha ya walengwa haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata kama mkubwa wako anafanya hivyo.

Masurufu ni nini, na kwa nini kila mtu anayaogopa?

Ni fedha unazopewa kabla ya shughuli, ambazo lazima uzirejeshe kwa risiti au kwa chenji. Mtarajali kwa kawaida hatakiwi kuyabeba. Ukiombwa, omba yatoke kwa jina la mfanyakazi mwenye mkataba, wewe uwe msaidizi. Lakini marejesho utayaandaa, na hapa ndipo sifa ya mtu inapojengeka au kuharibika.

Tuseme mafunzo ya siku moja Kasulu. Mkaguzi atakaa na karatasi nne mbele yake: orodha ya mahudhurio, orodha ya malipo ya nauli, risiti ya chakula na picha ya ukumbi. Orodha ina saini 40. Chakula kimenunuliwa sahani 45. Picha inaonyesha watu 31. Saini namba 12 hadi 17 zina mkunjo mmoja wa kalamu. Hata kama hakuna aliyeiba, mradi mzima umeingia doa. Ndiyo maana:

Kila mtu asaini mwenyewe, asiyejua kuandika aweke dole gumba, na orodha ifungwe kwa kupiga mstari chini ya jina la mwisho saa ile ile. Risiti iwe ya mashine ya EFD kwa Tanzania, yenye jina la shirika na tarehe ndani ya siku za shughuli. Isifutwe kwa wino mweupe. Kosa likitokea, piga mstari mmoja, andika sahihi, weka saini pembeni. Bodaboda hana mashine ya risiti, hivyo tumia fomu ya malipo yasiyo na risiti: jina lake, simu, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, saini yake. Piga picha kila risiti siku hiyo hiyo, maana wino wa karatasi ya mashine hufifia kwenye joto la gari. Watu wakiwa pungufu na sahani zikabaki, andika hivyo hivyo kwenye ripoti. Ukweli ulioandikwa mapema humaliza nusu ya maswali ya mkaguzi.

Siku ya kugawa misaada nitafanya nini?

Pengine utakaa meza ya uhakiki. Mpangilio ni: jina kwenye orodha, kitambulisho au kadi, saini au dole, kukabidhiwa mzigo, kisha meza ya malalamiko kwa mwenye swali. Fika na vidau viwili vya wino wa dole (kimoja hukauka), rula ya kufuatia mstari wa jina, na nakala ya orodha iliyopangwa kwa alfabeti. Majina yanayofanana ni mengi; hakiki kwa jina la tatu na kitongoji.

Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na foleni yao, kivuli na maji. Likisahaulika hili, watu wanazirai, nasi tunaona ni kosa la kutojali, halina udhuru.

Atakuja mama ambaye jina lake halipo, na ukimtazama unaona kabisa kwamba anastahili. Usimwongeze kwa kalamu. Usimfukuze pia. Mpeleke meza ya malalamiko, mwandike, mpe namba ya fomu, na jioni uhakikishe kwamba jina lake limefikishwa kwa anayehusika. Ukiongeza mmoja, foleni nzima imeona, na wa mwisho atafika kwenye gunia lisilokuwepo.

Naweza kupiga picha?

Kwa ruhusa ya shirika na ridhaa ya mtu, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya chakula anaweza kukubali kwa kuogopa kunyimwa, kwa hiyo muulize baada ya kupokea. Kwenye akaunti yako binafsi, usiweke.

Msimamizi hana muda na mimi. Nifanyeje?

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Mara nyingi si ubaya wake. Ana ripoti tatu za wafadhili wiki hiyo. Omba dakika 20 kila wiki, siku na saa moja isiyobadilika, uje na karatasi yenye mistari mitatu: nilichomaliza, kilichokwama, ninachopanga. Wiki mbili zikipita bila kazi, tembelea idara nyingine na kitu mahususi mkononi: "Nina nafasi Jumatano mchana, naweza kuhakiki risiti za mafunzo ya mwezi uliopita." Zikipita nne, zungumza na rasilimali watu, na kama upo field mwarifu mhadhiri wako. Chai na fotokopi hutokea, na kila mtu huzifanya mara moja moja. Zikiwa ndiyo ratiba, rudi kwenye zile hadidu za rejea mlizosaini.

Nikiona wizi, au mfanyakazi akimnyanyasa mlengwa, au akininyanyasa mimi?

Ripoti. Shaka yenye msingi inatosha. Huhitaji ushahidi, na usiuchunguze wewe. Mashirika makubwa yana zaidi ya njia moja: simu au barua pepe ya siri, mtu wa mawasiliano ofisini, na mara nyingi ofisi ya nje ya nchi ambayo bosi wako hawezi kuizima. Andika tarehe, mahali, ulichoona na uliyoyasikia, bila kuongeza tafsiri yako. Usimsimulie mwenzako kwenye gari: unamweka hatarini aliyedhurika. Na kama ni wewe umeombwa rushwa ya ngono ili barua yako isainiwe, kosa ni la aliyeomba. Tunakusihi usinyamaze kwa ajili ya cheti.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Ripoti nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo jifunze kuandika sentensi fupi zilizo sahihi. Lakini mtu anayeweza kutafsiri dodoso kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi wa kijijini ana thamani kubwa. "Uhakika wa chakula ngazi ya kaya" si swali. "Katika siku saba zilizopita, kuna siku mlilala bila kula kwa sababu hakukuwa na chakula?" ni swali.

Nitaajiriwa mwishoni?

Usiingie ukilitegemea hilo. Ajira za mashirika hufuata mradi, na mradi hufuata mfadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, likaacha rasmi kutekeleza misaada ya nje. Miradi mingi ya afya na lishe Afrika Mashariki ilipunguzwa au kufungwa, na watu wenye uzoefu wa miaka kumi sasa wanaomba nafasi zile zile unazoziomba wewe. Wanaobaki kwa kawaida ni wenye ujuzi unaouzika popote: data, fedha, manunuzi, ghala. Ujuzi huo unatakiwa pia halmashauri, viwandani na benki, kwa hiyo jipange kuomba huko pia.

Nitoke na nini mkononi?

Anza wiki mbili kabla. Barua ya uzoefu inayotaja kazi halisi ulizofanya. Iandike rasimu wewe, msimamizi arekebishe na kusaini. Ruhusa ya wadhamini wawili, pamoja na barua pepe zao binafsi, kwa sababu za ofisi hufungwa mradi ukiisha. Sampuli moja au mbili za kazi yako zilizoondolewa majina ya watu. Kitabu cha kumbukumbu kilichogongwa muhuri kila wiki; anayesubiri siku ya mwisho hukuta mwenye muhuri yupo safari. Rudisha beji, kompyuta na kishikwambi kwa fomu iliyosainiwa, baki na nakala. Kisha kaa na atakayechukua kazi yako, mwonyeshe faili lipo wapi, nywila anaiomba kwa nani, na yule mama wa fomu ya malalamiko amefikia hatua gani.